Wanafunzi 212, walimu wanne wa TSC. Shule ya mashamba ndani ya kaunti ya Mombasa ibishe mlango upi?

#1 Chaki_Kavu
Salaam wadau. Nauliza wanaoujua mfumo huu ndani nje.

Shule ya msingi ya serikali, iko mashambani lakini bado ni kaunti ya Mombasa. Jina siweki. Gredi 1 hadi 6, mkondo mmoja mmoja, wanafunzi 212 kwa rejista ya darasani: wasichana 104, wavulana 108. Walimu wa TSC, ile tume ya taifa inayoajiri walimu, ni wanne, hedi (mwalimu mkuu) akiwamo. Wawili wengine ni wa bodi ya shule, wazazi ndio wawalipao. PP1 na PP2, yaani chekechea, ziko uwanja huo huo na walimu wao ni wa kaunti. JSS, sekondari ya chini ya Gredi 7 hadi 9, hakuna; wakimaliza Gredi 6 huvuka kwa jirani.

Muhula wa kwanza kapitesheni, pesa za serikali kwa kila mtoto, imeingia shilingi 121,410, akaunti zote mbili pamoja. Kwa watoto 212 ilitarajiwa 150,520. Barua ya kuomba walimu ilipelekwa kwa gavana, ikarudi na jibu kwamba walimu wa msingi si kazi ya kaunti. Mbunge naye yuko tayari kujenga darasa. Madarasa sita yapo, watu wa kusimama mbele ndio hawapo.

Basi: mlango wa mwalimu ni upi, na hiyo 29,110 imeishia wapi?

#2 Dau_la_Mnazi
Gavana amejibu sawa, ingawa barua yake pengine ilikuwa kavu kama jina lako. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Kuanzia Gredi 1 ni serikali kuu. Mwalimu ni wa TSC, Kifungu 237. Pesa za uendeshaji ni za Wizara ya Elimu. Mbunge kwa NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni majengo, madawati na basari. Mfuko ule haulipi matumizi ya kila mwezi, kwa hivyo mshahara wa mwalimu hauwezi hata akitaka.

Na kuna kosa moja hufanywa kila siku: afisi ya elimu ya kaunti ndogo na afisi ya TSC ya kaunti ndogo ni mbili tofauti. Zaweza kuwa jengo moja, ukuta mmoja, lakini barua ya mwalimu ukiiacha kwa mkurugenzi wa elimu itagongwa muhuri wa kupokelewa kisha ilale hapo.

#3 Bin_Jomvu
Mombasa nayo ina mashamba? Mimi nikidhani mashamba yaanza ukishapita Mazeras.

#4 MamaNasra
@Bin_Jomvu wewe ukivuka daraja la Nyali wajiona umesafiri. Nenda Mwakirunge uone mihogo na mbuzi, na bado uko Kisauni. Nenda ndani ya Jomvu yako mwenyewe upande wa mikoko. Karatasi ndizo zasema jiji, ardhi yasema mengine. Na tatizo la shule ya #1 laanzia hapo hapo.

#5 Karani_Mstaafu
Tuanze na pesa kwa sababu hapo pana hesabu.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mtoto alipangiwa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 kwa akaunti ya SIMBA, yaani vifaa vya kufundishia, na 370 kwa GPA, ya matumizi ya jumla. Leo ni 1,420 kwa mwaka. Hugawanywa 50 kwa muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwa hivyo muhula wa kwanza mtoto mmoja ni 710, wa pili 426, wa tatu 284. Mara 212 ndiyo 150,520 yako, umehesabu vizuri.

Ila zingatia mawili. Kwanza, tangu 2018 vitabu vya wanafunzi vyanunuliwa na serikali moja kwa moja na kuletwa shuleni na wachapishaji. Zamani shule ilikuwa na kamati yake ya kuchagua vitabu ikinunua kwa pesa za SIMBA. Sasa fungu la vitabu hukatwa huko huko juu, kwa hivyo kiwango kamili cha karatasini si lazima kifike benki. Pili, mwaka wa shule ni Januari hadi Desemba, mwaka wa serikali ni Julai hadi Juni. Muhula wa kwanza, ambao ndio wataka nusu nzima ya pesa, waangukia robo ya tatu ya bajeti, wakati hazina inasubiri ushuru uingie. Hapo ndipo pesa huja kwa mafungu, au zaja zimepunguzwa.

#6 Hesabu_Kali
@Karani_Mstaafu nakuheshimu mzee wangu lakini hapa hapana makato wala hazina. 121,410 gawanya kwa 710. Hutoka 171 kamili, bila mkia. Ingekuwa pesa zimekatwa juu ovyo, isingetoka namba nzima. Mfumo umewaona watoto 171, wengine 41 haukuwaona. Mwisho wa habari.

#7 Pweza_wa_Kibarani
Mwisho wa habari mapema mno, @Hesabu_Kali. 121,410 gawanya kwa 190. Hutoka 639 kamili, nayo haina mkia. Na 639 ni asilimia 90 ya 710.

Yaani yaweza kuwa watoto 171 kwa pesa kamili, ama watoto 190 kwa pesa iliyopunguzwa asilimia kumi. Namba moja, njia mbili. Ya kwanza ni kosa la shule na vyeti, ya pili nusu yake ni ya hazina. Huwezi kujua kwa kikokotoo, lazima ufungue mfumo.

#8 Hesabu_Kali
Aa. Hiyo sikuiona.

#9 Bin_Jomvu
Pweza ana mikono minane, mmoja wa kikokotoo.

#10 MamaNasra
Kufungua mfumo kwenyewe kuna utaratibu. Data ya wanafunzi iko NEMIS, mfumo wa wizara wa mtandaoni, na sasa wizara yaihamishia mfumo mpya, KEMIS. Hedi ndiye mwenye nywila ya shule. Aangalie mambo manne, kwa mpangilio huu:

Kwanza idadi ya walio na UPI, ile namba ya kudumu ya mtoto. Jina likiwa kwenye rejista ya darasa bila UPI, kwa wizara mtoto huyo hajazaliwa. UPI yataka namba ya cheti cha kuzaliwa, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, si kama mwalimu alivyozoea kumwita. Mwanaisha na Mwanaaisha ni watoto wawili kwa mashine.

Pili, waliohamia. Mtoto akitoka shule nyingine, shule ile lazima imwachilie kwenye mfumo. Isipomwachilia, kapitesheni yake yaendelea kuingia kule na wewe wamlisha chaki bure. Hedi wa kule pengine hana haraka, kila jina ni 1,420 yake.

Tatu, tarehe. Wizara huchota idadi siku fulani. Aliyeingizwa baada ya hapo hungoja mgao ujao.

Nne, akaunti za benki: jina na namba zilizo kwenye mfumo zilingane na za benki herufi kwa herufi.

#11 Mkwezi_Mkavu
Nyongeza kwa #10 kuhusu vyeti, maana hapo Pwani ndipo panapotuua. Mtoto aliyezaliwa nyumbani hana karatasi ya hospitali, kwa hivyo taarifa ya kuzaliwa hutolewa na naibu chifu. Ikipita miezi sita ni usajili wa kuchelewa: karatasi zaidi, kitambulisho cha mzazi, ushahidi wa umri kama kadi ya kliniki au barua ya shule. Mzazi asiye na kitambulisho ndio mwanzo wa mlolongo. Wapemba wametambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya 2023 tu, na wapo watoto wao kwenye madarasa ya pwani ambao vyeti vyao ndio kwanza vinafuatiliwa.

Kinachofanya kazi ni hiki: mwalimu wa darasa aandike orodha ya wasio na cheti akitenga makundi matatu. Wenye kadi ya kliniki, wasio na kadi lakini mzazi ana kitambulisho, na wasio na chochote. Kundi la kwanza laisha haraka likipelekwa kwa pamoja badala ya mzazi mmoja mmoja. La tatu ndilo la kumwita chifu. Wakichanganywa wote siku moja, foleni hukwama kwa wa kundi la tatu na wa kwanza wanarudi nyumbani mikono mitupu.

#12 Stafu_Rumu
Sasa mwalimu.

TSC haiajiri kwa barua ya kulia. Yaangalia idadi ya walimu inayotakiwa kulingana na mtaala, na ripoti ya walimu ambayo hedi hujaza. Kosa la kawaida liko kwenye ripoti hiyo. Kabla ya kuandika barua, hedi aulize afisi ya TSC ya kaunti ndogo: kwenye orodha yenu sisi tuna walimu wangapi? Mara nyingi jibu ni tofauti na waliopo. Mwalimu aliyehamishwa mwaka juzi bado jina liko pale. Aliye masomoni bado yahesabika. Aliye kwenye likizo ya uzazi, siku 120, ni mtu kamili kwenye karatasi. Na yuko hedi mwengine hujaza walimu wa bodi kwenye safu ya walimu, halafu ashangaa mbona TSC yasema shule imejaa.

Wanne wako wakiwa sita huko juu, barua yako haina uzito.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Jedwali la gredi na idadi ya watoto. Jedwali la walimu, namba zao za TSC na mwaka wa kustaafu, maana miaka 60 ikikaribia nafasi yaonekana mapema. Ratiba ya masomo. Kumbukumbu ya kikao cha bodi. Nakala kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti. Usiambatanishe picha za watoto chini ya mwembe. Yule afisa ana picha kama hizo sanduku zima.

#13 Hesabu_Kali
Nakubali #12, na ratiba ndiyo silaha. Gredi 1 hadi 3 zina vipindi 31 kwa wiki, 4 hadi 6 vina 35. Mara tatu kila moja: 93 na 105, jumla 198. Mwalimu mmoja hawezi kuwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, kwa hivyo hata akisimama tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho hazidi 35. Wanne ni 140. Vipindi 58 kila wiki havina mtu, na hapo hedi hajaenda afisi yoyote, hajapika chai, hakuna aliyeumwa kichwa.

Wale wawili wa bodi wakiingia, 198 kwa sita ni 33 kila mmoja. Yatosha kwa karatasi tu, kwa sababu hedi mwenye vipindi 33 hana hata saa ya kufungua huo mfumo wa #10.

#14 Dau_la_Mnazi
Na nisichokubali ni kwamba TSC yahesabu kwa ratiba. Msingi wahesabiwa kwa uwiano, mwalimu mmoja watoto 40. 212 kwa 40 ni 5.3. Kwa hesabu hiyo shule yapungukiwa na mmoja tu, na mmoja hawi wa kwanza kwenye foleni wakati kuna shule ya watoto 900 yenye walimu 11.

#15 Stafu_Rumu
@Dau_la_Mnazi uwiano ni wa kupimia kaunti na wa wanasiasa kusomea bungeni. Shule ya mkondo mmoja yapangwa kwa madarasa, kwani huwezi kumpa Gredi 2 mwalimu robo.

#16 Dau_la_Mnazi
Huwezi, lakini ndivyo walivyopewa.

#17 Karani_Mstaafu
Nyote wawili mwapata upungufu, mmoja au zaidi. Aandike hesabu zote mbili kwenye barua, amwachie afisa achague.

#18 Nanga_Likoni
Mwasahau sababu kubwa. Mwalimu hataki kwenda huko. Tana River na Lamu kuna posho ya mazingira magumu, mtu avumilia kwa sababu kuna kitu kwenye payslipu. Shule hii iko ndani ya mipaka ya jiji, posho hiyo haipo, na barabara ni ile ile ya vumbi na tope. Mwalimu akipangiwa hapo aomba uhamisho kabla hajanunua ndoo.

#19 MamaNasra
@Nanga_Likoni nusu kweli. Posho ya magumu hapana, lakini marupurupu ya nyumba hulipwa kulingana na kituo, na jiji hulipwa zaidi ya mashambani. Mwalimu aweza kupanga Bamburi, akachukua boda asubuhi, na akalipwa kama wa mjini. Wako wanaoipigania nafasi kama hiyo. Mimi nasema hakuna mwalimu kwa sababu nafasi haikutangazwa, si kwa sababu watu wameikataa.

#20 Nanga_Likoni
Boda kwenda na kurudi siku ishirini kwa mwezi, marupurupu yenyewe yameishia kwa tangi la petroli. Piga hesabu mvua ya Mei pia.

#21 Stafu_Rumu
Kuna njia ya tatu, intani, yaani mwalimu wa mafunzo kazini. TSC ilianza kuwachukua 2020, wa msingi akilipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa muda, kwa hivyo ukimpata usimpe Gredi 1 peke yake halafu aondoke watoto wakiwa katikati ya kujifunza kusoma. Januari 2025 intani 46,000 waliingizwa kazi ya kudumu, na wengi wao walikuwa wa JSS. Hapo pia pana jibu la kwa nini msingi wakaa pembeni: tangu 2023 ajira nyingi imekwenda Gredi 7 kwenda juu. Shule isiyo na JSS haimo kwenye mazungumzo.

#22 Pweza_wa_Kibarani
Na pesa vile vile. Mtoto wa JSS ana 15,042 kwa mwaka, wa msingi 1,420. Mara kumi na zaidi, uwanja mmoja, choo kimoja. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wa kamati ya elimu kwamba hazina haiwezi kubeba kiwango chote kilichoahidiwa sekondari. Siku chache baadaye wenzake serikalini wakasema elimu ni bure kama zamani. Ndiyo maana sijaiacha ile nadharia ya asilimia 90.

#23 Upepo_wa_Kusi
Nyie mwazunguka. Kuna Mfuko wa Usawazishaji katika katiba, asilimia nusu ya mapato kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Muombe huko walimu na madarasa.

#24 Dau_la_Mnazi
@Upepo_wa_Kusi Kifungu 204 kisome hadi mwisho. Pesa hizo ni za maji, barabara, afya na umeme. Shule haimo. Na sera ya kwanza iliorodhesha kaunti 14: Pwani walikuwemo Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Mombasa haikutajwa.

#25 Upepo_wa_Kusi
Ahsante kwa kunishusha taratibu.

#26 Fundi_Tarishi
Mimi nasema msikatae darasa la mbunge, badilisheni ombi. Vyoo. Kiwango cha wizara ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Wasichana 104 wataka matundu 5, wavulana 108 wataka 4. Mna mangapi?

Kamati ya mradi iundwe, BQ, orodha ya vifaa na gharama, itoke kwa afisa wa ujenzi wa serikali, si kwa fundi wa mtaani, na mabati muandike geji 28. Chumvi ya hapa yamaliza geji 32 upesi, halafu mwarudi kuomba paa. Milango ifunguke nje.

Kitakachowakwamisha ni ardhi. Mfuko wa mbunge wataka uthibitisho kwamba uwanja ni wa shule. Pwani shule ngapi zimekaa kwenye shamba la mtu asiyejulikana aliko? Mkiwa na barua ya mwenye shamba aliyetoa, ipelekwe mapema ipimwe mipaka. Mkingoja pesa zitoke ndipo mtafute barua, mwaka wa fedha waisha Juni.

#27 Mkwezi_Mkavu
Na chakula? Kule Kwale na Kilifi kuna mpango wa serikali.

#28 Karani_Mstaafu
Mpango huo ni wa kaunti kame, Mombasa haimo. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikabidhi serikali 2018 na sasa unaendeshwa na NACONEK, baraza la elimu ya wafugaji. Shule hii ni mashamba kwa macho na jiji kwa orodha, kama alivyosema MamaNasra #4.

Wazazi wakitaka kupika wenyewe, wajue wanaingia wapi. Kipimo cha mpango ule ni gramu 150 za nafaka, 40 za kunde au maharagwe, 5 za mafuta, chumvi 3, kwa mtoto kwa siku. Watoto 212: mahindi kilo 31.8, kunde kilo 8.48, mafuta kama kilo moja. Gunia la kilo 90 halifiki siku tatu. Kuni na maji ya kupikia sijahesabu.

#29 Bin_Jomvu
Pure ya kilo 40 kila siku. Mpishi apewe namba ya TSC.

#30 Kisebusebu
Swali la upande: wale wawili wa bodi waweza kulipwa kwa pesa za GPA? Pale kuna fungu la mishahara.

#31 Karani_Mstaafu
Hapana. Fungu lile ni la askari, karani, mfagizi. Mkaguzi akikuta jina la mwalimu kwenye vocha ya GPA, ni hoja ya ukaguzi, na hedi ndiye ataandikiwa. Msijaribu hata kwa jina la "mfanyakazi wa kawaida".

Wazazi nao: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29. Ada ya masomo ni marufuku shule ya umma. Michango mingine yaweza kuwepo kwa idhini ya waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hafukuzwi kwa kutolipa. Kwa hivyo mchango wa mwalimu wa bodi uandikwe kwenye kikao, ukatiwe stakabadhi, na usikusanywe langoni asubuhi. Shule nyingi hupotea hapo langoni.

#32 Stafu_Rumu
Ama waunganishe madarasa huku wakingoja. Gredi 1 na 2 pamoja kwa kusoma, 3 na 4 si vizuri kwa sababu ya nne yaingia masomo mapya. Ubao ugawanywe kwa mstari wa chaki. Kundi moja lisomeshwe dakika kumi na tano huku jingine lina kazi ya kuandika iliyokwisha kuandikwa ubaoni kabla watoto hawajaingia. Ikiandikwa wameshakaa, dakika tano zimekwenda na kundi la pili limeshaanza kurushiana kokwa.

#33 Hesabu_Kali
Ukiunganisha 1 na 2 wiki nzima umeokoa vipindi 31. Kati ya 58 bado 27.

#34 Dau_la_Mnazi
Na umempa afisa wa TSC sababu ya kusema mwamudu.

#35 Chaki_Kavu
Ahsanteni nyote. Nimerudi na majibu machache.

Mfumo umefunguliwa leo: wenye UPI ni 193. Wasio na cheti kabisa 12. Saba wamehamia kutoka shule nyingine na hawajaachiliwa. Jumla 212, imefunga.

TSC ya kaunti ndogo wameulizwa kama alivyosema Stafu_Rumu. Kwenye orodha yao shule ina walimu watano. Wa tano alihama.

Vyoo: matundu sita yafanyayo kazi, matatu matatu.

#36 Pweza_wa_Kibarani
193! Basi ni yangu. Tarehe ya kuchota walikuwa 190, watatu wakaongezwa baadaye, na pesa ni asilimia 90.

#37 Hesabu_Kali
Ama walikuwa 171 na wakaongezwa 22 baadaye. @Chaki_Kavu, vyeti vilifuatiliwa mwezi gani?

#38 Chaki_Kavu
Februari na Machi. Hedi hakuandika tarehe, walikuwa wakiingizwa wawili watatu kila akienda saiba.

#39 Pweza_wa_Kibarani
Wawili watatu. Si 22.

#40 Hesabu_Kali
Wawili watatu mara ngapi?

#41 MamaNasra
Mngoje muhula wa pili. Kiwango ni 426. Ikiingia 82,218 ni watoto 193 kamili, na hiyo yaelekeza kwa Hesabu_Kali. Ikiingia 73,996 na senti kidogo, ni asilimia 90 na Pweza aje achukue soda yake. @Chaki_Kavu wale saba waandikiwe barua wiki hii, kwa majina na UPI zao, nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Yule wa elimu, si wa TSC.

#42 Bin_Jomvu
Na yule mwalimu wa tano, TSC wamtoe kwenye orodha au wamrudishe?

#43 Stafu_Rumu
Alikohamia amesharipoti, harudi. Wamtoe. Hedi achukue nakala ya barua yake ya uhamisho na fomu ya kuondoka kituoni, na kama fomu haikujazwa siku ile, hapo ndipo wiki mbili zitapotea.